Trekta Lililokuwa Nyuma ya Mashine ya Unga

Watu wanaopita nyumbani kwangu huniuliza kwa nini mzee wa umri wangu hulala chali chini ya trekta bovu, mafuta yakimdondokea usoni. Ninayo mawili, yote madogo, yote makuukuu. Huyafungua, huyasafisha na kuyafunga tena, kisha huyaendesha hadi mtoni na kurudi. Nikiulizwa hujibu kwamba wengine hucheza bao. Jibu hilo huwatosha. Mchezo wenyewe niliuanza miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana karibu na Mbalizi, na trekta la kwanza nililolifufua ndilo lililoamua kama wadogo zangu wangeendelea kukaa nami au la. Sijawahi kuieleza habari hiyo yote kwa pamoja.

Baba yangu alikuwa Mhehe wa Iringa. Alikuja Mbeya kufanya kazi katika shamba la pareto la Mzungu, akamwoa mama, ambaye ni Msafwa, na babu mzaa mama akawapa shamba kwenye mteremko juu ya Mbalizi. Tulizaliwa hapo wanne: mimi, kisha dada yangu, kisha mdogo wetu wa kiume, na mwisho kabisa kitinda mimba, binti. Nyumbani tulichanganya Kisafwa cha mama na Kihehe cha baba, na Kiswahili tukawa tunakitumia kugombana. Baba alikufa kwa homa ya kifua wakati mimi nikiwa darasa la nne. Sikurudi shule. Nilipata kazi kwa Mhindi mmoja mwenye mashine ya kusaga unga, nikawa mtu wa kutia mafuta, kufunga mikanda na kubeba magunia.

Trekta lilikuwa nyuma ya mashine, kwenye nyasi ndefu. Mwenye mashine alilipata pamoja na vyombo vingine aliponunua injini kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa dogo, pengine lilimfika mtu mrefu kifuani, magurudumu yake ya nyuma ni ya chuma kitupu yenye meno ya kung'ata ardhi, na kiti chake cha chuma kina matundu. Kuku walikuwa wakitaga chini ya rejeta. Nilipokuwa nikila mchana nilikuwa ninakwenda kukaa juu ya kile kiti, nikishika usukani ambao haukugeuka.

"Wewe iko ona nini huko?" tajiri yangu aliniuliza siku moja. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, Kiswahili chake cha dukani.

"Naona trekta, Bwana."

"Hapana trekta. Hii nyumba ya kuku."

"Nikiliwasha je?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Wewe washa hii, mimi vaa kaniki, cheza ngoma mbele ya wamama wote."

Nikaanza. Haikuwa kazi, kwa maana hakuna aliyenituma. Jumamosi mashine ikifungwa mapema nilibaki na spana za tajiri, na Jumapili baada ya ibada nilirudi tena, ingawa wazee wa kanisa walinitazama vibaya. Pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilimimina mafuta ya taa ndani ya silinda, nikaacha yakae, nikagonga kwa kipande cha mti, nikamimina tena. Siku pistoni ya kwanza iliposogea, ilisogea kwa upana wa ukucha tu, nami nilikwenda nyumbani nikikimbia kumweleza mama kana kwamba nimepata mtoto.

Kifaa kinachotoa cheche kilikuwa kimelowa unyevu wa miaka. Nilikipeleka nyumbani, nikakiweka kando ya moto kikauke.

"Unapika nini hapo?" mama aliuliza.

"Moyo wa trekta."

"Basi utazame usiungue. Na hicho chuma kitaanza kula lini, mwanangu? Maana tangu kije, wewe huli."

Wanawake waliopanga foleni ya kusaga nao hawakuniacha. "Mchumba amekubali leo?" waliniuliza kila juma. "Bado ananuna," nilijibu. "Mpe mafuta!" walisema, wakacheka, na mmoja akaongeza kwamba mwanamke wa chuma angalau hatakimbilia kwao akipigwa. Nilikuwa na furaha siku zile. Ninaliandika neno hilo kwa uhakika.

Kisha mama akafa. Aliumwa tumbo siku chache tu, baada ya mvua kukatika, na hatukujua ni nini.

Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa kwenye uwanja wetu. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alikuwa amekuja kwa basi kutoka Iringa. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na nilimheshimu sana kwa sababu alifanana na baba hata katika kukohoa. Wajomba walikuwapo, lakini walikaa kimya. Mahari ya mama ilikwisha kulipwa yote, na kwa desturi watoto ni wa upande wa baba. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa na neno.

"Nyumba ni moto na shamba," alisema. "Moto nimeuona unawaka. Shamba sijaliona."

"Tutalima, baba," nilisema.

"Nani atalima? Wewe uko kwenye mashine tangu asubuhi. Binti huyu mikono yake kama mabua. Na hawa wawili wanalia wakiona jogoo."

"Hatulii," alisema mdogo wangu wa kiume. "Jogoo mwenyewe ndiye analia."

Watu wakacheka, hata baba mkubwa. Lakini alipomaliza kucheka alisimama, na mtu akisimama katika kikao cha namna ile, analolisema halirudi kinywani.

"Sikilizeni nyote. Nitarudi mahindi yakifika magotini. Nikikuta shamba lote la ndugu yangu limelimwa na mahindi yamesimama, watoto watabaki hapa na kaka yao, na mimi sitauliza tena. Nisipokuta, nitawachukua Iringa. Sitaki kusikia kwamba damu yetu inazunguka na vibakuli kuomba unga."

Hakuwa na ubaya. Wapo watu waliochukua watoto yatima ili wapate wachungaji wa bure. Yeye alitaka kujua kama tutakula. Mimi nilitaka tubaki pamoja, kwa kuwa mama, alipoishiwa nguvu za kusema, alikuwa ananionyesha wao kwa kidole, mmoja mmoja, halafu ananionyesha mimi.

Shamba lilikuwa kubwa kwa mikono yetu. Baba na mama walikuwa wakililima pamoja na majirani walioalikwa, na waalikwa hupikiwa pombe. Kwetu hapakuwa na mama wa kupika pombe, na tulikuwa watu wa kanisa. Dada yangu, ambaye alikuwa anakaribia kuvunja ungo, alichukua jembe la mama akaanza sehemu iliyo karibu na nyumba, kwa namna ya zamani: unakata majani pamoja na udongo wake kidogo, unageuza juu chini, unapanga tuta, unaliacha lioze. Jioni alikuwa amelima mahali pa kutosha kutandika mikeka michache. Nilihesabu moyoni nikaona mvua itatukuta hatujafika hata katikati.

Ndipo nilipofikiria trekta kwa namna nyingine. Sikulala vizuri tangu hapo. Kila nilichokifanya kwa kupenda nilikifanya sasa kwa haraka, na chuma hakipendi haraka. Nilikata mkanda wa feni kutoka mkanda uliochakaa wa mashine. Nilichonga gasketi kwa ngozi ya begi langu la shule. Kabureta niliifungua na kuifunga mara nyingi mpaka dada akasema nimeanza kuizungushia vidole nikiwa usingizini. Tajiri yangu alikuwa akija kusimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Hakucheka tena, kwa kuwa nilikwisha mweleza shauri la baba mkubwa. Siku moja aliniletea petroli ndani ya chupa, akaiweka chini, akarudi dukani.

Likawaka siku ya Jumamosi, mchana, mashine ikiwa bado haijafungwa. Nilizungusha hendeli nikiwa nimekata tamaa, nalo likapiga chafya, likatoa moshi mweusi, kuku wakaruka, na mara likashika. Wanawake walikimbia kutoka kwenye foleni na unga nyusoni. "Amekubali! Amekubali!" Tajiri yangu alitoka dukani. Wanawake wakamkumbusha ahadi yake, mmoja akamvisha kaniki mabegani, naye, mtu mzima yule, akazunguka trekta akitikisa mabega, huku mkewe akimpigia kelele kwa lugha yao kutoka dirishani. Nilicheka na kulia pamoja.

Plau lilikuwa kwenye nyasi zilezile. Lilikuwa la ulimi mmoja, la kukokotwa nyuma, na lilikuwa na skrubu ya kupunguza au kuongeza kina. Skrubu ile ilikuwa imeliwa na kutu pale ilipoachwa na Mzungu, katika kina alichokuwa akikitumia kwenye mashamba yake ya tambarare. Niliipaka mafuta, niliipasha moto, nikaigonga. Mhunzi aliitazama akasema, "Ukiilazimisha itakatika, na ikikatika plau lote limekwisha." Nikaiacha. Tena sikuona hasara. Sisi sote tuliamini kwamba mahindi ya Wazungu yalikuwa marefu kwa sababu plau zao zinakwenda chini. Bwana shamba naye alituhubiria katika kila mkutano: limeni kwa kina, limeni kwa kina, mnakwangua ardhi kama kuku. Kwa hiyo nilimshukuru Mungu kwamba skrubu ilikwama mahali pazuri.

Mvua ilikuwa imekaribia. Nilipitisha trekta kwenye njia ya ng'ombe, kwa sababu meno yake yangeharibu barabara kuu, nikafika shambani jua likiwa limeshapanda. Majirani walikuja kutazama, wengine na watoto migongoni. Dada alikuwa kwenye kipande chake karibu na nyumba. Hakuacha kulima.

"Pumzika sasa," nilimwambia. "Hili litamaliza lote."

"Wewe lima kwako, mimi nitalima kwangu."

"Utachoka bure."

"Kuchoka nakufahamu, kaka. Hicho chuma sikifahamu."

Niliteremsha plau. Mfereji wa kwanza ulifunguka kwa sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa, na watu wakapiga vigelegele. Anayeendesha trekta la namna ile kwenye mteremko hana nafasi ya kutazama nyuma. Usukani ulikuwa unanipigania, gurudumu moja lilitaka kupanda na lingine kushuka, na injini ilikohoa kila nilipogeuza. Niliogopa kuizima, maana sikujua kama itawaka tena. Nikaenda juu, nikarudi, nikaenda tena. Nilipogeuza niliona nyuma yangu weupe. Nilidhani ni ukavu. Nilidhani ni ardhi mpya, ambayo haijachoshwa, ndiyo ile ambayo bwana shamba alisema imelala inatungoja. Vigelegele vilikuwa vimekoma. Hilo sikuliona kwa sababu ya mngurumo.

Nilipomaliza nilizima injini, masikio yakivuma, nikateremka. Isipokuwa kipande cha dada, shamba lote la mama lilikuwa jeupe. Udongo mweusi ulikuwa umekwenda chini, na juu ilikuwa changarawe nyepesi, nyeupe, yenye vitundu kama mfupa uliotafunwa. Watu walikuwa wamesimama mpakani na hakuna aliyeingia. Jirani yetu mmoja, bibi kizee, aliinama akaokota punje chache, akazisugua, akazitupa haraka na kujifuta mkono kwenye nguo.

"Kumbe iko juu hivi," alisema kwa Kisafwa. "Kumbe iko juu hivi."

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshika mguu wa suruali yangu. Aliitazama changarawe kisha akanitazama mimi, na akasema kwa sauti ya kawaida ya mtoto anayetambua kitu, "Kaka, huu ni udongo wa mama."

Ndipo nami nikakumbuka. Nilikuwa nimeiona mara mbili, katika rundo lililokuwa kando ya kaburi la baba, na katika rundo lililokuwa kando ya kaburi la mama. Wachimbaji walikuwa wakiitupa juu kwa koleo na ikimwagika kwa mlio mwepesi. Watu wa mteremko ule hawakuwa wakichimba chini isipokuwa kwa ajili ya maiti. Majembe yao yalikwangua kama kuku, ndiyo, tangu babu wa babu, na hawakusema ni kwa sababu gani, labda wenyewe hawakujua. Ardhi nzuri ya pale ilikuwa nyembamba kama blanketi. Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba ile changarawe ilitapikwa na milima ya moto ya zamani. Wakati ule tuliijua kwa kazi moja tu.

Majirani hawakututukana. Walitawanyika polepole, wakinipa pole, kana kwamba kumetokea msiba wa tatu. Lakini hakuna aliyetaka kutia mbegu kwenye udongo wa kaburini, wala kutusaidia kutia. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na afya, na trekta lilikuwa limesimama pale likitoa joto. Ningeweza kulima tena. Ningelima nini? Kilichogeuzwa hakikuweza kugeuzwa tena na plau lilelile. Kila mara lingeleta zaidi.

Tulijaribu. Sisi wanne tulibeba changarawe kwa vikapu na kuimwaga korongoni, tukachimbua udongo mweusi kwa mikono na kuupandisha. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiimba ili tusichoke, kisha akaacha kuimba. Tajiri yangu alileta samadi kwenye mkokoteni, yeye mwenyewe akisukuma, jasho likimtoka. Aliutazama mteremko wote, akaangalia rundo la samadi ambalo sasa lilionekana dogo kama kofia.

"Hii kidogo," alisema. "Mimi jua. Lakini nakuja mikono tupu vipi?"

Mvua ilipokuja ilikuja kwa nguvu, na changarawe ikaelea. Sijawahi kuona jambo jingine la namna ile. Ilikuwa ikiteremka juu ya maji kama bisi, ikichukua mbegu pamoja nayo. Tulipanda tena. Mahindi yaliota, yakafikia urefu wa kiganja, yakageuka rangi ya manjano na kusimama hivyohivyo, si kufa wala kukua. Kipande cha dada, karibu na nyumba, kilikuwa cheusi na kijani kibichi. Pale mahindi yalifika magotini, yakapita, kwa wakati wake.

Baba mkubwa alirudi kama alivyosema. Hakupaza sauti. Alitembea shambani taratibu, mikono nyuma. Alishika mche mmoja, ukatoka wote na mizizi bila kuvutwa. Akakaa juu ya jiwe, mimi nikachuchumaa mbele yake, watoto wakasimama mlangoni, na wajomba waliokuwa wameitwa wakakaa kivulini.

"Baba yako hakukuambia kuhusu ardhi hii?"

"Hakujua, baba. Jembe lake halikufika huko."

Alifikiri. "Naam. Hata mimi nisingejua. Kwetu Iringa ungechimba mpaka kiunoni, ni nyekundu tu." Alikohoa kikohozi kile cha baba. "Ulifanya kazi, mwanangu. Nimeambiwa njiani, kuanzia kule stendi. Kila mtu ananieleza habari ya trekta lako."

"Basi utupe mwaka mmoja. Mwaka kesho tutalima kwa jembe."

"Neno lile kama ningalilisema peke yangu nyumbani kwangu, ningalilimeza. Nililisema nimesimama, mbele yao." Aliwaonyesha wajomba kwa kidevu. "Na mwaka huu mtakula nini?"

Niliinamisha kichwa. Hata wajomba walitazama chini. Baba mkubwa alielekeza uso kwenye kile kipande cha kijani.

"Pale nani kalima?"

"Mimi," alisema dada kutoka mlangoni. Alisema kwa kujivuna kidogo. Alidhani atatuokoa.

"Peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Basi mke wangu atafurahi," alisema baba mkubwa. "Amekuwa akiomba msaidizi."

Niliona uso wa dada ukibadilika, nikasikia sauti yangu ikisema kitu ambacho sikukiandaa. "Baba, niachie mmoja. Mmoja tu. Chakula cha mmoja nitakipata kwenye mashine."

Hakukataa. Aligeuka, akanitazama kwa macho ya huruma, na akauliza, "Yupi?"

Walikuwa pale wote watatu. Dada alikuwa ameshika fremu ya mlango. Wa kiume alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mdogo alikuwa anatabasamu, kwa sababu alikuwa hajaelewa, na alidhani ni mchezo wa kuchagua. Nilifungua kinywa. Nikakifunga. Kuku wa jirani walikuwa wanapekua mle shambani na hawapati kitu.

"Umeona," alisema baba mkubwa mwishowe, kwa upole sana. "Ndiyo maana hatuwagawi."

Waliondoka kwa basi la asubuhi. Tajiri yangu alifunga mashine akaja stendi, akawapa biskuti ndani ya karatasi, na akajaribu kusema na baba mkubwa. "Bwana, haya ni ya ukoo," alijibiwa kwa adabu, na wote wawili wakapeana mikono. Dada alinikabidhi jembe la mama. "Usilime kwa lile lingine," aliniambia. Mdogo wa kiume alitaka kukaa dirishani, wakagombana, na basi lilipoondoka walikuwa bado wanagombana, kwa hiyo hawakunipungia mkono.

Nilivuna kile kipande cha dada. Nilipata gunia la mahindi, nikalisaga mwenyewe, na msimu wa baridi ulipoingia nilipanda basi nalo kwenda Iringa. Tulipita Igawa mchana na tukafika jioni. Nilikuwa na wazo moja: kwamba baba mkubwa akiona unga utokao Mbalizi angelegeza, nami ningerudi na walau mmoja wao. Njiani nilikuwa nimejilazimisha kuchagua, na nilikuwa nimechagua, ingawa hadi leo sijamwambia yeyote ni nani.

Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa kubwa, yenye ng'ombe. Mdogo wangu wa kiume alikuja akichunga, amenenepa, amepata rafiki wa umri wake katika watoto wa pale, na alinicheka kwa namna ninavyosema Kihehe. Mama mkubwa alinipokea vizuri, akasifu unga, akaupeleka ghalani, ambako niliona magunia mengine yamepangwa hadi juu. Langu lilikaa mwisho. Dada alikuwa jikoni. Nilimfuata nikamwambia kwa Kisafwa, ili wengine wasielewe, kwamba nimekuja kuchukua mmoja.

Hakuuliza ni yupi. Alichochea moto. "Wakila wanashiba," alisema kwa Kiswahili. "Wakiumwa wanapelekwa hospitali. Utamwambia nini baba mkubwa, kaka? Kwamba wanashiba?"

Nilitafuta kosa la nyumba ile jioni nzima. Nilitazama miguu ya watoto, nguo zao, mahali wanapolala. Sikuliona.

Chakula kilipokuwa tayari tulikaa, baba mkubwa na mimi na wazee wawili waliokuja kunisalimu. Mdogo wetu wa mwisho aliingia na beseni na birika la maji ya uvuguvugu. Alikuwa amekua. Alipiga magoti mbele yangu kwa vile mimi ni mgeni, akaniamkia kwa Kihehe, macho chini, kama watoto wa pale wanavyofundishwa.

"Unanijua mimi ni nani?" nilimwuliza.

"Kaka wa Mbeya," alisema.

Alianza kumimina maji. Nilinawa polepole, kila kidole, nikitafuta la kumwambia, naye alisubiri kwa subira bila kumwaga hata tone. Nilipotoa mikono aliniinamia kidogo, akachukua beseni, akaenda kupiga magoti mbele ya mzee aliyefuata.